Ndege wa Mjini, Panya wa Makaburini

Watu huenda Vienna kusikiliza muziki. Mimi nilikwenda kumtazama panya, na kwa kuwa mpwa wangu anasoma huko, nilikuwa na mahali pa kufikia na mtu wa kunicheka. "Shikamoo, mjomba," alinipokea stesheni, na kabla sijamaliza kuitika akaongeza: "Yaani umetoka Morogoro, mji wa panya, ukapanda ndege kuja kuona panya mwingine?"

Kuhusu Morogoro hakukosea. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutunza wanyama mwaka 2020, kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Kwa hiyo mtu wa Morogoro haoni haya kumheshimu panya. Buku ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula, na yule niliyemfuata Vienna, hamsta wa Ulaya, anayo pia. Lakini buku wako tele, waulize wakulima. Hamsta wa Ulaya, mwaka huohuo Magawa alipovishwa nishani, aliingizwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Shirika hilo lilisema kwamba mambo yasipobadilika, huenda baada ya miaka 30 asiwepo tena.

Asichanganywe na yule hamsta mdogo wa rangi ya dhahabu anayezungusha gurudumu ndani ya kizimba chumbani kwa mtoto. Huyo asili yake ni Syria, na ana wafugaji dunia nzima. Wa Ulaya ni mnyama wa mashambani, mkubwa, mkali, asiyependa kukaa na mwenzake.

Kabla ya kumwona nilimsikia ndege. Mpwa wangu anakaa ghorofani, katika mtaa unaowaka taa usiku kucha, na ilikuwa haijagonga saa kumi alfajiri ndege alipoanza kuimba juu ya antena ya jengo la pili. Si ule mlio wa kunguru wa Dar es Salaam unaomparua mtu masikio. Ilikuwa sauti nene, ya polepole, ikipanda na kushuka kama mtu anayepiga mluzi huku akili yake iko kwingine. Waaustria humwita Amsel. Dume ni mweusi tititi, mdomo wa rangi ya chungwa na duara la rangi hiyohiyo kulizunguka jicho. Jike ni wa kahawia na hana makuu. Asubuhi nilimuuliza mpwa wangu kuhusu mwimbaji wake.

"Yule? Yule yuko kila mahali, mjomba. Hata simsikii tena."

Aliye kila mahali hakuna anayemuuliza alitoka wapi. Amsel alitoka msituni. Miaka 200 na kitu iliyopita alikuwa ndege mwoga, wa kujificha kwenye vichaka chini ya miti mikubwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 akaanza kuonekana akijenga viota katika bustani za miji ya kusini mwa Ujerumani, na kutoka hapo akaenea mji baada ya mji. Alikuta mjini kuna joto zaidi wakati wa baridi, kuna nyasi zilizofyekwa fupi ambamo mnyoo hana pa kujificha, na kuna vichaka vya matunda ambavyo watu walivipanda kwa ajili ya urembo tu. Wengi wa mjini wakaacha hata ile safari ya kukimbilia kusini majira ya baridi yanapoingia. Watafiti wa Ujerumani waliwahi kuchukua vifaranga wa mjini na wa msituni, wakawalea mahali pamoja kwa chakula kimoja. Walipokua, wa mjini walikuwa na homoni za mfadhaiko kidogo kuliko wenzao. Na katika jiji la Leipzig, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba Amsel wa katikati ya mji, penye taa na kelele za magari, huanza kuimba mapema, hata kwa muda wa saa 5, kabla ya wale wa kwenye bustani yenye giza. Yule wa kwenye antena, basi, hakuwa na wazimu. Amekuwa mtu wa mjini.

Mchana tulienda makaburini.

Hamsta wa Vienna wanajulikana kwa kuishi miongoni mwa wafu. Wako kwenye makaburi makuu ya jiji, yaliyofunguliwa mwaka 1874, ambako Beethoven, Schubert na Brahms wamelala karibu karibu. Ni mahali pakubwa mno: waliozikwa humo wanaizidi idadi ya wakazi walio hai wa jiji zima, na tramu namba 71 inayofika hapo huingizwa hata kwenye utani, mtu akifa husemwa kapanda 71. Lakini mpwa wangu alikuwa ameulizia, akaambiwa twende makaburi ya Meidling, ni madogo, na panya wake wamezoea watu. Tukapanda treni ya U6, tukashuka stesheni ya Meidling, tukamalizia kwa miguu.

Kwetu mtu huenda makaburini kuzika, kufyeka majani, kusoma dua, kisha akageuza njia. Pale watu wamekaa kwenye mabenchi wanakula mkate. Na chini, kati ya mawe ya makaburi, wamelala wapiga picha, tumbo ardhini, na lenzi ndefu kama bunduki. Filamu ya BBC ya mwaka 2019 iliwaonyesha hamsta wa makaburi ya Vienna, na tangu hapo wapiga picha hawakauki. Sikupendezwa sana kumwona mtu ameegemeza begi lake kwenye jina la marehemu wa watu, lakini nami nilikuwa nimefuata lilelile walilofuata wao. "Mjomba, angalia, usikanyage kaburi," mpwa wangu alinong'ona kila baada ya hatua tatu, kwa Kiswahili, kana kwamba wenye makaburi wangeelewa.

Wa kwanza alitoka shimoni kando ya jiwe la marumaru, akasimama kwa miguu ya nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanasafiri kwa ajili yake. Wanyama wengi wana mgongo wa rangi nzito na tumbo jeupe. Huyu ni kinyume. Mgongo ni wa kahawia iliyoiva, mashavu na mabega yana mabaka meupe, miguu myeupe kama aliyevaa soksi, na tumbo ni jeusi kabisa. Urefu wake unakaribia futi moja, na mkubwa aliyeshiba hufika nusu kilo. Alitutazama, akatuona hatuna maana, akaenda moja kwa moja kwenye kandili ya kaburi la jirani.

Waaustria huwasha mishumaa makaburini, ndani ya vikandili vya kioo au plastiki nyekundu vyenye kifuniko. Hamsta aliingiza kichwa chote ndani ya kandili, makalio yakabaki nje, akawa anakwangua nta. Ina mafuta ile nta, na mnyama anayelala chini ya ardhi tangu Oktoba hadi Machi hivi, akiamka mara chache tu kula akiba yake, hapuuzi mafuta. Alipotoka uso ulikuwa umepanuka mara mbili. Akakimbia na mzigo wake, na njiani akakutana na mwenzake. Walipigana hadi wakabingirika kwenye maua ya mtu, kwa sababu hamsta wa Ulaya, nje ya siku chache za kupandana, hana ndugu wala jirani.

Mzee mmoja alikuwa akimwagilia maua na kopo la maji, na mpwa wangu akanitafsiria maneno yake. Kila akileta mshumaa, alisema, unaliwa. Maua nayo. Nilimwomba mpwa wangu amwambie kwamba huyo mwizi wake ni miongoni mwa wanyama wa Ulaya walio karibu zaidi na kutoweka. Mzee aliangalia huku na huku: mmoja juu ya nyasi, mmoja chini ya benchi, mwingine anachungulia shimoni.

"Hapa?" akasema. "Hapa wamejaa."

Hakudanganya. Ukisimama Meidling unaweza kuapa kwamba mnyama huyu hana tatizo lolote duniani. Na juu ya mawe yaleyale, Amsel dume alikuwa akirukaruka, akiinamisha kichwa, akivuta mnyoo kutoka kwenye udongo uliomwagiliwa na mzee. Hakuna hata lenzi moja iliyomgeukia.

Nilikaa kwenye benchi, nami sasa nikiwa na mkate, nikawalinganisha. Jambo lililonisumbua ni kwamba zamani mambo yalikuwa kinyume. Hamsta alikuwa mnyama wa nyika za mashariki aliyefuata kilimo kwenda magharibi, mpaka akaenea kutoka Ubelgiji hadi Siberia. Mashamba ya ngano na shayiri yalikuwa nyumba na ghala lake. Alirundika kilo kadhaa za nafaka katika shimo moja, na wakulima walimchukia sawasawa na sisi tunavyomchukia panya wa ghalani. Walimtega, wakamfukia, wakammwagia maji shimoni. Katika sehemu za Ujerumani watoto walijipatia vijisenti kwa kuwakamata, na ngozi zake za rangi tatu zilishonwa makoti. Huyu alikuwa mnyama wa kawaida kabisa wa shambani wakati Amsel bado anajificha msituni.

Na alihimili yote hayo kwa sababu alizaa. Sehemu kubwa ya karne ya 20 hamsta jike mmoja alizaa zaidi ya watoto 20 kwa mwaka. Amsel jike hutaga mayai 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa mwaka, na paka, kunguru na baridi hula sehemu yao. Kwa uzazi, panya alimwacha ndege mbali. Leo hamsta jike huzaa 5 au 6 kwa mwaka. Mtego haukuwashinda, kupungua kwa uzazi ndiko kunakowamaliza. Ndiyo maana ninaona neno "wengi" linatudanganya. Tunahesabu vichwa vilivyopo, wakati wingi wa kweli ni ile nguvu ya kuziba pengo mwaka unaofuata, na nguvu hiyo haionekani kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye benchi.

Ndege alishawahi kupimwa kwa kipimo hicho, tena Vienna hapohapo. Mwaka 2001, kiangazi, wakazi walianza kuokota Amsel waliokufa kwenye bustani na vibarazani. Katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn walikufa pia bundi wakubwa wa kijivu. Walipopimwa, ikaonekana ni virusi vya Usutu, ambavyo vilitambuliwa mwaka 1959 kutoka kwa mbu wa kusini mwa Afrika na kupewa jina la mto unaopita Eswatini. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuripotiwa Ulaya. Vilisambazwa na mbu wa kawaida wa mjini, na ile hali ya kuzoea mji, kujazana kwenye bustani ndogo zenye maji na joto, ikawa ndiyo njia ya ugonjwa. Kiangazi kile kuna mitaa iliyokosa mwimbaji. Lakini waliobaki walizaa, wengi wao wakiwa na kinga mwilini, na baada ya miaka michache vifo vikapungua. Yule wa kwenye antena ni wa ukoo wa walionusurika.

Kwa nini hamsta hawezi kufanya hivyo? IUCN ilitaja sababu kadhaa zinazoshukiwa: mashamba makubwa ya zao moja, ujenzi, ongezeko la joto duniani, mwanga wa taa za usiku. Hili la taa lilinifurahisha na kunisikitisha kwa pamoja, maana mwanga unaompa ndege saa za ziada za kuimba ndio unaoshukiwa kumvuruga panya, ambaye mwili wake unasoma urefu wa usiku ili ujue lini kuzaa na lini kulala. Lakini sababu iliyochunguzwa ikapata ushahidi wa kutisha iko magharibi, Alsace nchini Ufaransa, na huko ndiko tulikokwenda baada ya Vienna, kwa treni, tukibadilisha Ujerumani. Safari yenyewe haina la kusimulia. Mpwa wangu alilala, mimi nilihesabu mahindi.

Nasema mahindi kwa sababu ukikaribia Strasbourg unaweza kudhani uko Mbeya. Mahindi kulia, mahindi kushoto, mistari iliyonyooka hadi kwenye milima ya Vosges. Katika uwanda huu hamsta aliwekewa ulinzi wa sheria miaka ya 1990, na bado aliendelea kupungua: mashimo yaliyohesabiwa yalishuka kutoka 1,167 mwaka 2001 hadi 161 mwaka 2007. Mwezi Juni 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitia Ufaransa hatiani kwa kutomlinda mnyama huyu. Serikali nzima ilishindwa kesi kwa ajili ya panya. Nilipomweleza hivyo mpwa wangu alicheka mpaka abiria wakageuka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Strasbourg waliwaweka hamsta majike maabara, wakawapa vyakula vinavyopatikana mashambani. Waliopewa ngano pamoja na klova au minyoo walilea vizuri. Karibu watoto wanne katika kila watano walifika umri wa kuachishwa ziwa. Waliopewa mahindi walizaa idadi ileile, ila kati ya watoto 100 walipona 5 tu. Wengine wote waliliwa na mama zao, wakiwa hai, siku ya kwanza baada ya kuzaliwa. Mama alikimbia ovyo kizimbani, akapanda na kushuka, akawabeba watoto na kuwaweka kwenye rundo la mahindi yake kama sehemu ya akiba, akaanza kuwala. Ulimi wake ulikuwa umegeuka mweusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017, na dawa ikapatikana humohumo: walipoongezewa vitamini B3, niasini, waliacha.

Mtu wa Ulaya akisoma hayo hushtukia panya kula watoto wake. Mimi nilishtukia mahindi. Niasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuitoa. Watu wa Meksiko, waliolianzisha zao hili, walilijua hilo kwa vitendo, ndiyo maana hupika mahindi yao na chokaa. Ulaya ilibeba mbegu ikaacha mapishi, na maskini wa kaskazini mwa Italia na Hispania wakaugua pelagra kwa karne mbili: ngozi kubabuka, tumbo kuendesha, mwisho akili kuchanganyikiwa. Afrika pia tumeiona. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, wakila mgao wa mahindi baada ya karanga kukosekana, waliugua pelagra kwa maelfu.

Sisi tunaokula ugali kila siku hatuugui, na sababu ni lile bakuli la pembeni. Dagaa, maharage, mchicha uliotiwa karanga, hata kipande cha samaki wa kugawana. Tumekuwa tukiiita mboga na kudhani kazi yake ni kuushusha ugali kooni. Hamsta wa Alsace amepewa ugali mkavu. Shimo lake liko katikati ya ekari na ekari za mahindi, na yeye si ndege: miguu yake mifupi haimfikishi penye klova, kunde wala magugu, kwa kuwa magugu yenyewe yamepigwa dawa. Amsel akikosa mnyoo bustani hii huruka ukuta akaenda nyingine. Hapo ndipo njia za viumbe hawa wawili zinapoachana, kuliko hata kwenye uzazi, na ndipo nilipoelewa wale wa Meidling. Makaburi yana nyasi za kila aina, mbegu, maua mapya kila Jumapili, minyoo, konokono, na mafuta ya mishumaa. Wafu wa Vienna wanaweka mezani mboga nyingi kuliko wakulima wa Alsace.

Siku iliyofuata tulikutana na mkulima mzee, mmoja wa wale wanaolipwa ili kupanda ngano na lusini badala ya mahindi, na kuacha sehemu ya ngano bila kuvunwa. Wazee wa huko huzungumza lahaja iliyo karibu na Kijerumani, kwa hiyo mpwa wangu alimudu. Alituonyesha kipande chake kilichozungushiwa uzio wa umeme wa kuzuia mbweha. Ndani yake huachiwa hamsta waliozalishwa kwenye vituo. Mkoani kote huachiwa mamia kila mwaka, na wengi huliwa na mbweha na ndege wawindaji kabla ya kuona majira mengine. Shimo tuliliona, limeshuka wima. Mwenyewe hakutoka. Mzee alisema watafiti wamejaribu pia kuchanganya mazao katika shamba moja, ngano na soya, mahindi na alizeti, na panya wanalea vizuri zaidi humo.

"Mwambie kwetu ni kawaida," nilimwambia mpwa wangu. "Mahindi na maharage, mahindi na kunde, mahindi na mbaazi. Bibi yake mama yako hakuwahi kupanda mahindi peke yake."

Mzee alitaka kujua mbaazi ni nini, inapandwa mstari upi, inavunwa lini. Tulisimama pale muda mrefu, mimi nikichora mistari kwenye udongo kwa kijiti. Kisha akauliza kama mashamba yetu yana panya. Nikasema wapo, wa kila namna, na mwaka wa mvua nzuri hufukua mbegu kabla hazijaota.

"Na mnawafanyaje?"

"Tunawaua," nikasema.

Mpwa wangu alisita kidogo kabla ya kutafsiri. Mzee aliitikia kwa kichwa, bila kushangaa. "Baba yangu alinilipa kwa kila mkia," akasema. "Nilinunua baiskeli."